Mfundisheni bondia kuongoza kabla hajatundika glovu: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya michezo

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya michezo;
Mwenyekiti na wajumbe wa Baraza la Michezo la Taifa;
viongozi wa Kamati ya Olimpiki Tanzania, Shirikisho la Ngumi na Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima kutoka Temeke. Mimi ni mwalimu wa michezo. Mchana nipo shuleni, jioni nafundisha ngumi na mpira wa kikapu kwa vijana wa Keko, Tandika na Mtoni. Nawaandikia kwa jambo moja. Mwanamichezo wa nchi hii akistaafu tunampigia makofi, tunampa cheti, halafu tunafunga mlango. Anayebaki ndani ya ofisi akiamua posho yake, daktari wake na safari yake, mara nyingi ni mtu ambaye hajawahi kusimama kwenye mizani asubuhi ya pambano akiwa na njaa ya siku mbili. Naomba tulibadilishe hilo, na tulibadilishe kwa utaratibu, lisibaki kuwa hisani ya mtu.

Ninayemtumia kujenga hoja hii si Mtanzania. Vijana wangu wanamjua kwa sababu nimewasimulia habari zake mara nyingi wakiwa wanafunga bendeji mikononi.

Eddie Eagan alizaliwa Denver, Marekani, mwaka 1897. Baba yake alikufa kwenye ajali ya reli mtoto akiwa na mwaka mmoja. Mama akabaki na wavulana watano na kipato kidogo cha kufundisha lugha za kigeni. Eddie akasoma. Alipita Yale, akaingia shule ya sheria ya Harvard, akaenda Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, na muda wote huo alikuwa anapigana ngumi za ridhaa. Mwaka 1919 alikuwa bingwa wa Marekani wa uzito wa juu. Mwaka 1920, katika Olimpiki ya Antwerp, Ubelgiji, alitwaa dhahabu kwa kumshinda Sverre Sørsdal wa Norwe kwenye fainali. Paris 1924 akapigana uzito wa juu na kutolewa mapema. Hadithi yake kama mwanamichezo ingeweza kuishia hapo, naye angekuwa wakili mwenye medali ukutani.

Lakini Februari 1932, kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Lake Placid, alikuwa ndani ya bobsledi. Kwa asiyekijua, hicho ni chombo cha watu wanne. Wanakisukuma kwa miguu wakikimbia, wanarukia ndani, kisha wanateremka nacho kwa kasi ya kutisha kwenye njia ya barafu yenye kona kali. Eagan hakuwa na uzoefu wowote wa mchezo ule kabla ya kuingizwa kikosini muda mfupi kabla ya mashindano. Timu yao ikashinda. Mpaka leo hajapatikana mwingine aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya Majira ya Joto na ya Majira ya Baridi katika michezo miwili tofauti.

Watu wakisimuliwa habari hiyo hushangaa rekodi. Mimi nashangaa kingine. Dereva wa chombo kile alikuwa Billy Fiske, kijana wa miaka 20. Eagan alikuwa na miaka 34, bingwa wa Olimpiki, mwanasheria, mtu anayejulikana. Akakubali kukaa nyuma na kuendeshwa. Bondia amezoea kuwa peke yake ulingoni: akishinda ni yeye, akipigwa ni yeye. Aliyetoka huko akaweza kuwa mmoja kati ya wanne, chini ya amri ya mdogo wake, amejifunza jambo ambalo viongozi wetu wengi wa vyama vya michezo hawajalijua kabisa. Ndiyo maana nasisitiza michezo zaidi ya mmoja. Mtu aliyekulia kwenye mchezo mmoja huuona huo ndio michezo yote, na akipewa ofisi huigeuza kuwa ya watu wa mchezo wake.

(Hapa niseme neno kwa walimu wenzangu wanaosimamia UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari. Mtoto wa darasa la tano mwenye mbio asifungiwe kwenye riadha pekee kwa sababu tu mwalimu wa riadha ndiye aliyemwona kwanza. Aruke, arushe, adake mpira, apigwe chenga. Kuchagua kutakuja kwenyewe.)

Mwaka 1945 Eagan alikabidhiwa uenyekiti wa tume ya michezo ya jimbo la New York, ile iliyotoa leseni kwa mabondia, mapromota na waamuzi. Wakati huo New York ndiyo ilikuwa mji mkuu wa ngumi duniani. Alikaa kwenye kiti hicho hadi 1951. Sehemu hii ya maisha yake ndiyo naomba muisome kwa makini kuliko medali zake.

Mapema mwaka 1947 tume yake ilimfutia leseni Rocky Graziano, kipenzi cha mashabiki wa mji ule. Graziano hakukutwa amepokea rushwa. Alitakiwa kuachia pambano kwa fedha, na hakutoa taarifa kwa tume. Kwa kunyamaza huko, leseni ikaondoka. Pambano lake la marudiano na Tony Zale likapigwa Chicago Julai ya mwaka ule, na New York ikakosa tukio kubwa na mapato yake yote. Fikirieni shinikizo lililokuwepo: mashabiki, wenye kumbi, magazeti, watu wa kodi. Huwezi kufanya uamuzi wa namna hiyo kama huamini kutoka moyoni kwamba ulingo una heshima yake, na imani hiyo huipati kwenye semina.

Lakini sitawauzia malaika. Mwaka 1949 iliundwa kampuni iliyoitwa International Boxing Club. Ikakamata mapambano ya ubingwa na kumbi kubwa kwa pamoja, na nyuma yake kulikuwa na mkono wa Frankie Carbo, mtu wa genge la wahalifu. Baadaye mahakama za Marekani ziliamua kuwa ule ulikuwa ukiritimba, na mwaka 1959 Mahakama ya Juu ya nchi ile ikathibitisha amri ya kuuvunja. Ulikua na kunenepa Eagan akiwa mwenyekiti. Agosti 1951 bondia kijana, Georgie Flores, alipigwa nakauti kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, palepale New York, na akafa siku chache baadaye. Mwaka huohuo Eagan akaondoka kwenye kiti.

Nimefikiri sana juu ya sehemu hiyo. Mtu huyu alikuwa na kila kitu ambacho mimi nakiombea vijana wangu: amepigana, ametoka familia isiyo na kitu, amesoma sheria kwenye vyuo vikubwa, ana dhahabu mbili za michezo miwili. Bado fedha za mapromota zilimzidi nguvu. Kwa hiyo sitaki barua hii isomwe kama ombi la kuchukua kila bondia mstaafu na kumpa kiti. Jina kubwa likiwekwa ofisini bila sheria kali, bila daktari mwenye mamlaka na bila hesabu zilizo wazi, hutumika kama pazia tu, na mwenye jina ndiye atakayelaumiwa mambo yakiharibika. Ninachoomba ni mchezaji aliyeandaliwa, ndani ya chombo chenye meno.

Sasa turudi nyumbani.

Ngumi ni mchezo wa mitaa ya Dar es Salaam. Nendeni Manzese, Mabibo, Keko au Mbagala jioni yoyote, mtakuta kijana anapiga gunia lililojazwa mchanga na vitambaa, limening'inizwa kwenye mwembe. Kutoka kwenye vijiwe vya aina hiyo nchi hii imevuna. Titus Simba alileta medali ya fedha ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh mwaka 1970. Michael Yombayomba alileta dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Birmingham 2022 tulirudi na medali tatu, na mbili kati ya hizo ni shaba za mabondia, Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe. Mchezo unaorudisha kiasi hicho kwa gharama ndogo namna ile ulistahili kuwa na ofisi iliyojaa watu waliopita ulingoni.

Nitawasimulia kisa cha kijana wangu mmoja, bila majina. Alipigwa nakauti kwenye pambano la mkoani. Alirudi Dar kwa basi usiku uleule, akilalamika kichwa, akitapika. Tulimpeleka hospitali, akapata nafuu, namshukuru Mungu. Kabla mwezi haujaisha promota mwingine alimpigia simu amtafutie pambano ukumbini hapa mjini, na kijana akakubali, kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa imefika. Promota yule wa pili hakujua habari za nakauti. Hakuna karatasi yoyote iliyomfuata kijana kutoka ulingo ule kuja huu. Nilimkatalia mimi, kwa ugomvi mkubwa, na kwa muda mrefu hakuja mazoezini. Kwa hiyo usalama wa ubongo wa mtoto wa mtu ulitegemea kochi mmoja mkali. Kochi mwingine mwenye njaa angeweza kumruhusu, na nisingemshangaa.

Nilipolipeleka suala hilo kwa kiongozi mmoja, alinisikiliza kwa adabu. Ila nilimwona haelewi kwa nini nakauti ya wiki tatu zilizopita ni hatari zaidi ya jeraha la mguu. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kupigwa, basi. Aliyewahi kuamka sakafuni akiwa hajui yuko raundi ya ngapi hahitaji kuelezwa mara mbili.

Msiseme watu wa kuongoza hawapo. Filbert Bayi ni wa kwetu. Kijana wa Karatu, Munich 1972 alikimbia mita 1500 na kuruka viunzi na maji, kwenye Olimpiki ileile. Februari 2, 1974, Christchurch, aliongoza fainali ya Jumuiya ya Madola kutoka mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya mita 1500, dakika 3:32.2. Mei 17, 1975, Kingston, Jamaika, akachukua na rekodi ya maili, dakika 3:51.0. Kisha ikaja Montreal 1976. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zilisusa kwa sababu New Zealand ilikubaliwa kushiriki baada ya timu yake ya raga kucheza na Afrika Kusini ya makaburu. Msimamo ule ulikuwa wa haki na mimi nauunga mkono hadi leo. Lakini aliyeulipia kwa miguu yake ni Bayi, akiwa kwenye kilele chake, na mashindano yake na John Walker wa New Zealand ambayo dunia nzima iliyasubiri hayakufanyika. Moscow 1980 alirudi kwenye viunzi na maji, akaongoza, akapitwa kwenye mzunguko wa mwisho na Bronisław Malinowski wa Polandi, akapata medali ya fedha. Suleiman Nyambui akapata fedha ya mita 5000. Hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo nchi yetu imewahi kupata.

Wote wawili waliingia kwenye uongozi. Bayi alikaa miaka mingi kama Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania, na alijenga shule zenye jina lake. Nyambui alisoma Chuo Kikuu cha Texas pale El Paso, akafundisha riadha, akaja kuwa Katibu Mkuu wa Riadha Tanzania. Kila mmoja ana wanaomsifu na wanaomlaumu kwa kazi ya ofisini, na hilo ni jambo la kawaida kwa kiongozi yeyote. Swali langu ni jingine: baada ya hao, nani alikuwa anaandaliwa? Alphonce Simbu alitupatia ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ndogo mno iliyohitaji picha kuamua. Yupo yeyote kati yenu aliyekwisha kuzungumza naye kuhusu kazi atakayoifanya akiwa na miaka 45? Mabondia wa Birmingham je?

Wenzetu wa Zimbabwe hawakusubiri. Kirsty Coventry aliogelea, akapata medali saba za Olimpiki, mbili kati ya hizo dhahabu. Akaingia Kamisheni ya Wachezaji ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki akiwa bado anashindana, akaja kuiongoza, akawa waziri wa michezo nchini kwake, na Machi 2025 akachaguliwa rais wa kamati yenyewe, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza. Ngazi ile alianza kuipanda kabla hajatoka kwenye maji.

Na kama kuna mchezo ambao umeonja uchungu wa uongozi mbovu, ni ngumi. Shirikisho la kimataifa lililokuwa likiusimamia lilifutiwa utambuzi na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2023, kwa mambo ya fedha, utawala na uamuzi wa mapambano. Ngumi za Tokyo na Paris ziliendeshwa na kamati yenyewe. Ilibidi shirikisho jipya, World Boxing, litambuliwe kwa muda mwaka 2025 ndipo ngumi zikahakikishiwa nafasi Los Angeles 2028. Mabondia wa dunia nzima waliishi miaka kadhaa bila kujua kama mchezo wao una kesho, kwa makosa ya watu wa mezani.

Ninachoomba ni hiki.

Kila chama cha michezo kilichosajiliwa, kuanzia mkoa hadi taifa, kiwe na wachezaji wenye kura kwenye kamati ya utendaji, waliochaguliwa na wachezaji wenzao. Siongelei mwakilishi anayekaribishwa kusema neno la shukrani na kunywa soda. Katiba za vyama hupita kwa Msajili wa vyama vya michezo kabla hazijatumika, kwa hiyo mlango wa kuliingiza sharti hilo mnao tayari.

Mchezaji afundishwe uongozi angali anacheza. Chuo cha Michezo Malya kipo, ila kipo Kwimba, mkoani Mwanza, na bondia wa Tandika anayeuza mitumba asubuhi na kufanya mazoezi jioni hawezi kuhamia huko. Leteni masomo ya usiku hapa Dar es Salaam, kwenye madarasa ya shule zetu ambazo jioni zinabaki tupu. Afundishwe kusoma mkataba, kusoma katiba ya chama, kuandaa bajeti ya mashindano, kuandika muhtasari wa kikao, kukagua stakabadhi. Kamati ya Olimpiki ina mafunzo ya utawala wa michezo. Nafasi za mafunzo hayo zitangazwe wazi, na sehemu kubwa iende kwa wachezaji wenyewe na wale waliostaafu karibuni. Mara nyingi tunasikia mafunzo yamefanyika baada ya picha za vyeti kupostiwa.

Kwa upande wa ngumi, kila bondia wa ridhaa na wa kulipwa awe na daftari moja la afya linalomfuata kila ulingo. Nakauti iandikwe siku hiyohiyo na daktari wa pambano, pamoja na tarehe ambayo haruhusiwi kupigana kabla yake. Promota asiye na daktari ukumbini asipewe kibali, na daktari awe na mamlaka ya kusimamisha pambano bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Kazi ya kulisimamia daftari hilo wapeni mabondia wastaafu, kwa mshahara. Wanamjua kila kijana wa kila jimu kwa jina, wanajua nani alipigwa wapi, na hawadanganyiki.

Halafu hesabu. Fedha za viingilio, za udhamini na za ruzuku ya chama zibandikwe ukutani na mtandaoni kila baada ya mashindano. Kisa cha New York kinanifundisha kwamba hata bingwa mwenye sheria kichwani anaweza kuzungukwa asipokuwa na hesabu zinazoonekana na kila mtu. Tukimweka bondia wetu kwenye kiti, tumlinde na hilo.

Najua jibu ambalo huwa tunapewa: wachezaji wengi hawakusoma. Ni kweli kwa baadhi, na mara nyingi ni kwa sababu tuliwatoa darasani kwenda kambini bila kuwarudisha. Wale watoto ni wetu sote. Kijana aliyeweza kukata kilo sita kwa nidhamu, kukariri mikanda ya video ya mpinzani wake na kusimama raundi kumi bila kukimbia anaweza kujifunza daftari la fedha, akipata mwalimu na taa.

Michezo ya Olimpiki ya Vijana inafanyika Dakar mwaka 2026, mara ya kwanza kwa tukio la Olimpiki kuja katika ardhi ya Afrika. Mwaka 2027 tutakuwa wenyeji wa AFCON pamoja na Kenya na Uganda. Mashindano makubwa yanahitaji mamia ya watu wa kuratibu, kupokea timu, kusimamia viwanja na kuandika taarifa. Tuanze hapo. Wekeni wachezaji wastaafu wa michezo yote kwenye kamati hizo, wafanye kazi chini ya wataalamu, walipwe na wapimwe.

Kwa upande wangu, nina mabinti wawili na kijana mmoja ambao wamepigana, wamecheza kikapu, na sasa wananisaidia kuandaa mashindano ya kata. Mmoja wa mabinti ndiye anayetunza hesabu zetu, na hakuna senti iliyowahi kupotea mikononi mwake. Wako tayari kuanza darasa hata wiki ijayo. Naomba mniandikie ni ofisi gani niwalete, na waje na vyeti gani.

Wenu katika michezo,
Kochi wa ngumi na kikapu, Temeke, Dar es Salaam